Tshibumba na kitu kisichopigwa picha

Hapa Nkamira vijana wananiuliza: mtu aliyefungiwa pahali pamoja, haoni kitu kipya, atachora nini? Nawajibu na Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha 101 za historia ya Zaire, juu ya magunia ya unga, akamwelezea Johannes Fabian kwa Kiswahili cha kwao.

Ile ninayoirudilia ni kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, Januari 1961. Usiku ule hakuna kamera iliyouona, na miili iliharibiwa kwa asidi. Tshibumba analaza maiti tatu chini, nyuma anasimamisha misalaba mitatu. Wengine watasema amezidisha. Mimi naona hapo njo nguvu yake: asichokiona alikitafuta ndani ya kitu ambacho kila mama wa kanisani anakijua. Watu wake wamekakamaa kama mbao, sawa tu.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta rangi, musiombe njiwa na maua tu. Juzi kijana mmoja alichora mlango wa kwao Masisi, mlango peke yake, bila nyumba. Akaambiwa amalizie na jua. Muacheni kwanza. Bado anatafuta rangi ya ukuta.