Nyapol Hakuulizwa

Grace Ogot husifiwa kwa tarehe kuliko kwa kazi yake. The Promised Land ilitoka mwaka 1966, mwaka uleule Flora Nwapa wa Nigeria alipotoa Efuru, na tangu hapo jina lake limekaa kwenye orodha ya waliotangulia. Wengi huishia kwenye orodha, kitabu hawakifungui.

Mimi nimekisomea Buhongwa, pembezoni mwa jiji la Mwanza, barabara ya Shinyanga, ambako jirani mpya huulizwa kwao ni wapi kabla hajaulizwa jina. Labda ndiyo maana sikioni kuwa kitabu cha uchawi.

Ochola, kijana wa Kijaluo kutoka Nyanza, anasikia kuwa Tanganyika kuna ardhi tele. Mkewe Nyapol, bado bi harusi, hataki kwenda. Wanakwenda. Ochola anatajirika, na jirani yao, mzee mganga, anamwonea kijicho. Mwili wa Ochola unaota vitu kama miiba. Daktari wa Kizungu anashindwa, mganga Magungu anamponya, kisha wanarudi Nyanza na kuacha walichochuma.

Hiyo miiba imewashughulisha sana wasomaji: je, Ogot anawatetea waganga dhidi ya hospitali? Wanaouliza hivyo wanasahau kwamba alikuwa muuguzi na mkunga, aliyesomea Mengo, Uganda, na kufanya kazi London. Wodi alizijua. Mimi naona ugonjwa ule unatoka kwenye neno "tele". Ni neno la mgeni. Mwenyeji huona pale shamba la baba na kaburi la babu. (Viwanja vyetu hapa navyo vilikuwa mashamba ya watu, ingawa kwenye hati ya mauziano huwezi kuliona hilo.) Ochola hakuiba chochote, alilima tu. Lakini alistawi upesi, tena machoni pa watu, mahali ambapo hakuwa na ukoo wa kumkingia kifua.

Ogot hulaumiwa pia kwamba Nyapol ni mtiifu mno. Sikubaliani. Nyapol alikwisha kusema hapana. Kwamba haikusikilizwa ndiyo habari yenyewe. Lawama yangu ni nyingine. Ochola akishaugua, mwili wake unameza kurasa, na mwanamke tuliyeanza naye anageuka mwuguza mgonjwa. Tulikuwa ndani ya mawazo yake, tunamalizia kwenye ngozi ya mumewe. Hapo riwaya inapwaya.

Hadithi fupi "The Rain Came", iliyomo katika Land Without Thunder ya mwaka 1968, haina kasoro hiyo. Oganda, binti wa mtemi, anatolewa kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe, na Ogot anatembea naye njia nzima, hatua kwa hatua, mpaka Osinda anayempenda anapomwokoa. Kurasa ni chache, lakini binti hapotei hata mara moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora.

Hata hivyo ninayemrudia ni Nyapol. Mama yangu alivuka ziwa kutoka Ukerewe akimfuata baba, na sijawahi kusikia mtu akimwuliza kama alitaka. Nilimsimulia riwaya yote, miiba na yote. Miiba haikumshangaza. Aliuliza jambo moja tu: waliporudi, nyumba yake ya kwanza aliikuta bado imesimama?