Mali Kauli na Simu ya Mkononi: Istilahi za Elimujamii Katika Nyanda za Juu Kusini

Miongoni mwa kazi zilizochapishwa kuhusu simu na kompyuta katika maisha ya kila siku ya wananchi wetu, iko moja ambayo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuisoma kwa makini, ijapokuwa haikuandikwa kwa ajili yake wala haizungumzii lugha. Nayo ni makala ya Thomas Molony, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, iliyotolewa mwaka 2008. Inawahusu wakulima wa viazi na nyanya wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na wanunuzi wa jumla wanaoyapeleka mazao hayo Dar es Salaam. Sisi hatukusudii kuipima elimu iliyomo. Tunauliza jambo moja tu: je, yaliyosemwa humo yaweza kurudishwa Iringa kwa Kiswahili, yakaeleweka na wale wale waliosemwa?

Wakati makala hiyo inaandikwa, wengi walitangaza kwamba simu ya mkononi ingemkomboa mkulima. Angepiga simu sokoni, angeuliza bei, angechagua mnunuzi amtakaye. Molony aliona mambo mengine. Mnunuzi ndiye pia mkopeshaji. Mkulima aliyekwisha kukopa hupokea bei anayoambiwa kuwa mazao yake yameuzwa, ikiwa ameambiwa kwa simu au kwa mdomo, kwa kuwa kumtafuta mnunuzi mwingine ni kuhatarisha mkopo wa msimu ujao. Simu anayo, na bei aweza kuiuliza, lakini mkono wake umeshikwa kwingine. Kwa maoni yetu hiyo ni sifa kubwa ya kazi hii: haikuanza na chombo ikaishia kwenye chombo, bali ilianza na watu.

Taabu yaanza mtu anapotaka kuifasiri. Hoja nzima imesimama juu ya neno moja la Kiingereza, «credit», na jina la makala hulichezea neno hilo, maana humaanisha mkopo na pia fedha iliyomo ndani ya simu. Mfasiri mwenye haraka ataandika «mkopo» kila mahali, kisha atajisifu kwamba amekuwa na msimamo katika istilahi. Atakuwa ameharibu. Kiswahili cha sokoni hutenga mambo matatu ambayo Kiingereza kimeyafunga katika furushi moja. Fedha anayopewa mkulima kabla ya mavuno ni mkopo. Zao linalopandishwa garini leo ili lilipwe litakapokwisha kuuzwa ni mali kauli. Kilichobaki ndani ya simu ni salio. Mkulima aweza kuwa na salio la kutosha kupiga simu siku nzima, naye akawa amefungwa na mkopo, na matenga yake ya nyanya yamekwisha kuondoka kwa mali kauli. Sentensi hiyo haisemeki kwa Kiingereza bila maelezo marefu. Hapa, basi, lugha yetu haina upungufu wowote wa kuzibwa. Ni mfasiri tu ambaye hakwenda sokoni.

(Kwa kuwa tumetaja soko, tuseme pia kwamba bei ya gunia la viazi inayoulizwa kwa simu si habari kamili mpaka ijulikane kama gunia ni la kawaida au ni lumbesa. Dodoso zinazouliza «bei ya gunia» peke yake hukusanya tarakimu, lakini hazikusanyi bei.)

Jambo la pili ni imani. Wataalamu wa elimujamii hupenda kuuliza kama watu wanaaminiana, na swali hilo likifika kwetu huwa: «Je, unamwamini mnunuzi wako?» Mkulima atajibu ndiyo. Lakini kitenzi hiki kina matawi mengi: kuamini, kuaminiana, kuaminika, hata amana yenyewe. Anayesema «namwamini» huenda anasema kwamba mtu yule ni mwaminifu, au huenda anasema kwamba hana wa kumwendea mwingine. Dodoso lililotafsiriwa ofisini huzitia maana zote mbili katika kisanduku kimoja, kisha hutangaza kwamba imani iko juu. Tunapendekeza swali liulizwe kwa kitendo: «Je, humpa mzigo kwa mali kauli? Kama akikuambia bei usiyoridhika nayo, hufanya nini?»

La tatu ni zito zaidi, maana linagusa istilahi iliyokwisha kuenea. Mwaka 1954 J. A. Barnes, aliyechunguza kisiwa cha wavuvi nchini Norway, alilitumia wazo la mtandao kueleza jinsi watu wanavyounganishwa na udugu, ujirani na urafiki. Mwaka 1969 J. Clyde Mitchell alihariri kitabu juu ya mitandao ya namna hiyo katika miji ya Afrika ya Kati. Hapakuwa na kompyuta katika habari hizo. Wazo hilo kwa Kiswahili lingeitwa mtandao wa kijamii, na wengine wameliita hivyo. Lakini jina hilo sasa limetwaliwa na Facebook, WhatsApp na wenzao. Basi afisa wa wilaya akiletewa taarifa isemayo kuwa «wakulima hawa wana mitandao ya kijamii imara», ataelewa nini? Ataelewa kwamba wana simu janja na vifurushi, na pengine ataamua kuwapelekea bei za soko kwa njia hiyo, ilhali mwandishi alikusudia kusema kwamba wamefungamana na wakopeshaji wao. Hapo kosa la istilahi limekuwa kosa la mpango.

Hatuoni faida ya kuwanyang'anya wananchi neno walilokwisha kulizoea. Mitandao ya kijamii na ibaki kwa vyombo hivyo. Kwa wazo la Barnes tunapendekeza «mtandao wa mahusiano», ambao una uzito wa kutosha katika taaluma na hauhitaji tanbihi.

Limebaki neno «mtumiaji», nalo tunalitilia shaka kabisa. Tuchukue mfano wa Tosamaganga, penye misheni, shule na hospitali, si mbali na mji wa Iringa. Mama mkulima ana mgonjwa wodini. Yeye ana kitochi kisicho na chaji. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam hutuma fedha «na ya kutolea» kwa simu ya jirani anayemsaidia kuuguza. Jirani huisoma meseji kwa sauti, kisha huenda kwa wakala. Nani mtumiaji hapa? Dodoso litamhesabu jirani na kumwacha mama, ambaye fedha ni yake na shida ni yake. Na akiulizwa kama anatumia intaneti, hata jirani huenda akasema hapana, ilhali kila jioni yumo WhatsApp. Jambo hilo limeonekana katika tafiti za Asia na Afrika pia: watu walisema hawatumii intaneti, kisha wakasema wanatumia Facebook.

Mradi mkubwa wa Chuo Kikuu cha London, ulioongozwa na Daniel Miller katika miaka ya 2010, ulipeleka watafiti tisa wakakaa miezi 15 kila mmoja na watu aliowachunguza, ili wayaone mambo kama hayo badala ya kuyauliza tu. Njia ni njema. Lakini katika vituo vyao vya awali, kuanzia Brazili hadi Uchina, hapakuwa na hata kimoja cha Afrika, na kwa hiyo msamiati wao haukupitia kwenye mali kauli wala kwenye simu ya jirani.

Istilahi ya kuchukua nafasi ya «mtumiaji» bado hatunayo. «Mwenye simu», «mshika simu» na «mtumiwa» zimependekezwa kwetu, na kila moja ina kasoro yake. Ya mwisho huweza kusomeka kama mtu anayetumiwa na wengine kwa hila. Wasomaji walioko Iringa, Njombe na Mbeya, hasa walimu na mabwana shamba, wanaombwa watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wakulima wenyewe, pamoja na sentensi ambamo yalitumika.