Kuisoma Zaburi Taratibu

Aliyelelewa na vina na mizani akifungua Zaburi hukosa pa kushika. Kina cha kati hakipo, cha mwisho hakipo, na mistari haina urefu mmoja. Hata hivyo sikio linajua kwamba hili ni shairi. Mwaka 1753 Robert Lowth, aliyekuwa profesa wa ushairi Oxford, alichapisha mihadhara yake kwa Kilatini akaonyesha linakosimama: kipande cha kwanza kinatoa wazo, cha pili kinalirudia, kinalikabili kwa kinyume chake au kinaliendeleza.

Chukua Zaburi ya 121. Ina aya nane tu, na kulinda kumetajwa mara sita. Ukipita haraka utadhani mshairi ameishiwa. Soma polepole: ulinzi unaanzia kwenye mguu mmoja usiteleze, unaenea taifa zima, unamrudia mtu peke yake chini ya jua na mwezi, kisha unafuatana naye kila atokapo na kuingia, siku zote. Ilipita zaidi ya karne mbili tangu Lowth ndipo mtaalamu wa Biblia James Kugel, mwaka 1981, akasisitiza kwamba kipande cha pili hakirudii cha kwanza. Kinakikazia na kukipita. Uvumilivu wa namna hiyo mbele ya nusu mstari naustahi sana.

Kati ya Lowth na Kugel, Mjerumani Hermann Gunkel alizipanga zaburi kwa aina: maombolezo, shukrani, sifa, nyimbo za wafalme. Mwanafunzi wake kutoka Norwe, Sigmund Mowinckel, akauliza zaidi: watu walikuwa wanafanya nini walipoziimba?

Mtu wa Mwanza analielewa swali hilo upesi. Bujora, kule Kisesa, alikofanya kazi Padre David Clement kutoka Kanada, sikukuu ya Ekaristi huitwa Bulabo, na vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma. Yaandike maneno ya manju kwenye karatasi, uyapeleke kwa asiyekuwepo uwanjani. Hatajua kijembe kinamlenga nani, wala umati uliitikia wapi.

Ndivyo ilivyo Zaburi ya 24. Kimya kimya mezani, yale maswali na majibu kuhusu malango yanashangaza. Mowinckel aliona maandamano: walioko nje wanataka kuingia, wa ndani wanauliza ni nani anayekuja. Alizisukuma zaburi nyingi mno kwenye sikukuu moja ya mwaka mpya, na hapo simfuati. Lakini kwenye malango yale, namwamini kabisa.

Mwaka 1985 mtaalamu mwingine, Gerald Wilson, aligeukia ujirani: zaburi ipi imewekwa karibu na ipi. Zaburi 150 zimegawanywa katika vitabu vitano, na aliyezipanga alikuwa fundi naye. Ya 89 inafunga kitabu cha tatu ikililia kiti cha Daudi kilichoangushwa. Inayofuata imepewa jina la Musa, aliyewaongoza Waisraeli kabla hawajawa na mfalme.