Lafudhi ya Mwalimu na Sikio la Mwanafunzi

Husikika mara nyingi vyuoni kwamba mwalimu fulani, mgeni wa mahali, haeleweki. Lawama hiyo yastahili kupimwa, maana huchanganya mambo mawili: ugeni wa sauti na ugumu wa maneno.

Mwaka 1992 Donald Rubin alichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Walisikilizishwa mhadhara mmoja, wa msemaji mmoja aliyezaliwa katika Kiingereza. Baadhi walionyeshwa picha ya mwanamke wa Kizungu, wengine ya mwanamke wa asili ya Asia. Hawa wa pili walidai kusikia lafudhi ya kigeni, na wakayashika machache zaidi ya yaliyosemwa. Sauti ilikuwa ile ile. Jicho ndilo lililoliharibia sikio kazi.

Tabora haina haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapo, na Kiswahili kilienea bara, kwa sehemu kubwa, vinywani mwa wapagazi Wanyamwezi, ambao lugha yao haipambanui r na l. Watu wengi, basi, walifunzwa lugha hii na wenye lafudhi, wakaelewana, wakauza na kununua. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, matamshi ya bara yakaanza kuonekana kilema.

Haki itendeke pande zote. Mwalimu asemaye “kupiga kula” hampotezi mtu, kwani kitenzi chamwokoa. Lakini asemaye “samani ya nyumba” akikusudia thamani yake, amemwacha msikilizaji kati ya bei na viti. Hapo mwanafunzi ana hoja, na dawa yake ni chaki ubaoni.

Julius Nyerere, Mzanaki, alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Baadaye alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Msomaji wa tafsiri hizo huulizia neno na mizani yake, wala haulizi ulimi wa mfasiri ulikulia wapi; karatasi haina lafudhi.

Vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, ambacho kwa kawaida si lugha ya mama ya mwalimu wala ya mwanafunzi. Katika hali hiyo ni ajabu mmoja kumhukumu mwenziwe kwa matamshi. Fomu za kuwapima walimu zingemtaka mlalamikaji aandike neno alilokosa kulielewa, malalamiko mengi yangebaki bila neno la kuandikwa.