Kuipima Pedali ya Ekspresheni kwa Sauti Yake ya Chini

Katika vyombo vyote vinavyomzunguka mpiga kinanda wa kanisa, hapa Gataka na katika miji jirani ya Rongai na Kitengela kadhalika, hakuna kinachonunuliwa kwa papara na kutumiwa kwa uzembe kama pedali ya ekspresheni, nayo ndiyo, kwa rai yangu, inayompambanua mtu abonyezaye kinanda na mtu akiimbishaye. Mnunuzi huiinua, huutazama mng'ao wake, huikanyaga mara moja hadi mwisho, husikia sauti ikipaa, akaridhika na kutoa fedha. Ilhali kule juu, penye sauti kubwa, pedali mbovu na pedali njema hulia mamoja, na tofauti yao haidhihiriki ila chini, katika robo ya kwanza ya mwendo, pale sauti inapozaliwa kutoka kimya au inapokirejea. Mtu aliyelelewa na muziki wa matatu za Rongai, ambao hauna chini wala katikati, yamkini atahitaji siku kadhaa za kuyatuliza masikio yake kabla ya kuufanya uchunguzi huu.

Haja ya kuikuza na kuipunguza sauti kwa mguu ni kongwe. Kinanda cha mabomba cha makanisa ya Ulaya hakikuwa na njia ya kuilegeza sauti kwa kidole, kwani bomba hulia kwa nguvu ile ile maadamu upepo unaingia, hata ilipofika mwaka 1712, Abraham Jordan alipoweka katika kanisa la St Magnus the Martyr, London, sanduku lililofunika baadhi ya mabomba, ambalo upande wake mmoja ulifunguka na kufungika kwa kukanyaga. Vinanda vya umeme vya Hammond, vilivyotoka mwaka 1935, viliirithi njia ile ya mguu; na mwaka 1966 wahandisi wa Thomas Organ Company huko Marekani, walipobuni kifaa cha gitaa kiliacho wah-wah, walikitia ndani ya pedali ya sauti ya kinanda cha Vox Continental. Pwani yetu nayo iliijua elimu hii kwa njia ya mkono: katika taarabu ya Mombasa ya enzi za Juma Bhalo, mpiga hamoniamu alicheza lahani kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaiendesha mivukuto, sauti ikavimba na kunywea pamoja na pumzi ya mwimbaji, bila msikilizaji kuuona mkono ule wala kuufikiria.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea. Ndani ya pedali ya ekspresheni haipiti sauti hata chembe. Pedali ya sauti ya kawaida, kama ile wanayoitumia wapiga gitaa, hupitisha muziki wenyewe na kuuzuia njiani. Lakini hii tuisemayo huwa na potensiometa tu, kifaa kile kile kilichomo nyuma ya kitufe cha redio, ambacho hugawa umeme kidogo unaotoka kwenye kinanda, nacho kinanda huusoma na kuugeuza kuwa namba, kwa kanuni za MIDI zilizotangazwa mwaka 1983, kuanzia 0 hadi 127. Namba hizo ndizo zinazoiamuru sauti.

Na hapo ndipo ilipo siri ya kipimo changu. Kwa mizani iliyopendekezwa kwa vinanda vya General MIDI, namba 64, ambayo kwa hesabu ni nusu ya mwendo, huiteremsha sauti kwa desibeli 12 hivi, na namba 32 kwa desibeli 24. Kule juu, kutoka 127 hadi 126, sauti hupungua kwa kiasi ambacho hakuna sikio la binadamu liwezalo kukinasa. Lakini kule chini, kutoka 2 hadi 1, huanguka desibeli 12 kwa hatua moja. Potensiometa iliyochakaa, ambayo namba yake hucheza kwa hatua moja au mbili hata mguu ukitulia, haitajulikana kamwe na mtu aliyekanyaga hadi mwisho, lakini itamfedhehesha mpigaji mbele ya jamaa wakati wa sala, sauti ikikatika na kurudi kama redio iliyopoteza stesheni.

Kwa hiyo aendaye kununua, iwe ni Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwa mpigaji mwenziwe anayeuza kilichotumika, achukue kinanda chake mwenyewe, au aombe kimoja cha dukani kionyeshacho namba kwenye kioo. Achague sauti ya nyuzi au ya ogani, si ya piano, kwa sababu piano hufifia yenyewe na kuuficha ukweli. Ashikilie kodi moja, kisha auendeshe mguu polepole mno, polepole kuliko atakavyowahi kufanya kanisani, kutoka juu hadi kimya, na kutoka kimya hadi juu. Asikilize kama sauti inashuka kwa mteremko au kwa ngazi. Asikilize hasa mwisho wake, kama inazimika kwa upole au inakatwa. Kisha asimame katikati ya mwendo, aondoe mguu kabisa, na aitazame namba: ikitulia, ni heri, ikitetema, asidanganywe na bei. Pedali ikianguka kwa uzito wake mwenyewe pindi mguu unapoondoka, hilo si lazima liwe kasoro kubwa, kwani aghalabu kuna skrubu ya kukaza mhimili, ila muuzaji asiyejua ilipo skrubu hiyo hastahili kuaminiwa katika mengine.

Kuhusu mwendo wenyewe, napendelea ule mzito kidogo, unaoupinga mguu kwa kadiri ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Wepesi humfurahisha mnunuzi dukani na kumchosha kazini, kwa kuwa mguu usiopingwa hauna cha kuegemea, nao hutikisika. Zipo pia pedali zisomazo mwendo kwa mwanga au kwa sumaku badala ya potensiometa, nazo hazichakai kwa kusuguana, lakini nyingi huhitaji umeme wake wenyewe, na fundi wa mtaani hatakuwa na cha kuzitengenezea.

Suala la nyaya limewavunja moyo wengi kuliko suala jingine lolote, na ajabu ni kwamba kosa aghalabu si la pedali. Jeki yake lazima iwe na pete mbili nyeusi, maana yake ina njia tatu. Waya wa gitaa, wenye pete moja, hautafaa hata ukiingia vizuri. Zaidi ya hayo, watengenezaji hawakuafikiana juu ya mpangilio wa njia hizo: pedali ya Roland EV-5, yenye potensiometa ya omu 10,000, na ile ya Yamaha FC7, ya omu 50,000, hazikupangwa sawa, na ukiichomeka moja kwenye kinanda cha nduguye, utaona sauti imelala kimya karibu mwendo wote kisha ikaruka yote kwa pamoja mwishoni. Mtu asiyejua husema pedali imekufa. Baadhi ya pedali zina swichi ndogo ya kugeuza mpangilio, na swichi hiyo, japo haina urembo wowote, ina thamani kuliko chuma king'aacho. Vilevile baadhi ya vinanda huisoma pedali wakati wa kuwashwa tu, basi ichomekwe kwanza, kisha kinanda kiwashwe, kisha mguu uende mwendo mzima mara mbili tatu ili chombo kiitambue mipaka yake.

Mahali pa kuiweka ni jambo la hitilafu. Wapigaji wa Hammond waliiweka chini ya mguu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na besi za kukanyaga. Lakini mpigaji wa leo, ambaye mguu wake wa kulia umeshughulika na pedali ya sasteni, hana budi kuupa wa kushoto kazi hii, nami naona ni sawa, mradi apige ameketi. Makanisa mengi ya huku hupenda mpigaji asimame, na asimamaye huuegemeza mwili wote kwenye mguu mmoja, kiuno kikalalamika kabla ya mahubiri kuanza. Akilazimika kusimama, basi na aikaze zaidi, na chini yake atandike kipande cha zulia, kwani pedali itelezayo kwenye saruji ni bure hata ingekuwa ya dhahabu.

Baada ya hayo ampe fundi wa mitambo haki yake. MIDI ina amri mbili zinazofanana, ya 7, iliyo dari ya sauti, na ya 11, iliyo ekspresheni yenyewe. Mguu ushike ya 11 tu, ili usiweze kuivuka dari iliyowekwa wala kuuvuruga mlingano wa kwaya. Na sakafu ya mwendo isiwe 0. Iwekwe karibu na 20, ambayo kwa mizani niliyoitaja ni desibeli 32 chini, au kwa EV-5 izungushwe kile kitufe cha ubavuni kinachoweka kima cha chini, ili mpigaji anapoushusha mguu wakati wa maombi abaki na uzi mwembamba wa sauti. Chini ya paa la mabati, mvua ikinyesha, 20 haitasikika na sakafu itabidi ipandishwe. Hili halina kanuni ila sikio.

Vumbi la kiangazi cha Kajiado ndilo adui mkuu wa potensiometa, likiingia kwa nyufa za pembeni na kuusaga ukanda wa kaboni, basi pedali ifunikwe kila ibada imalizikapo, na isipakwe mafuta ya bawaba, ambayo hulivuta vumbi na kulishikilia. Ukanda ukishasagika, potensiometa mpya ni rahisi kupatikana na fundi wa redio ataibadili kwa muda mfupi, lakini mwenye pedali amwonye kwamba herufi iliyochapwa mgongoni iwe B, kwa idadi ile ile ya omu, kwa maana ile ya A, iliyokusudiwa kwa redio, hupanda kwa mkunjo, nayo itauharibu ule mwendo wa chini ambao kwa ajili yake pedali ilinunuliwa.