Kanzu Pointi 18, Uhuru Pointi 8

Ndugu wasomaji, na hasa nyie waandishi wenzangu mnaochipukia, leo naomba tuseme ukweli kuhusu ugonjwa ulioingia kwenye hadithi zetu. Ni ugonjwa wa maneno makubwa. Kijana akishika kalamu tu, kabla ukurasa wa kwanza haujaisha keshachomeka neno la Kiingereza ambalo hata mwalimu atalikimbilia kwenye kamusi.

Sina ugomvi na maneno yenyewe. Fumbo la maneno gazetini huwa silipiti. Na Scrabble, ule mchezo wa vibao vya herufi aliouanzisha Mmarekani Alfred Butts miaka ya 1930, nikimpata wa kucheza naye basi siku hiyo hatulali. Kiingereza kina vituko kweli kweli. Kuna "defenestration", maana yake kumtupa mtu au kitu nje kwa kupitia dirishani. Lilipata umaarufu kwa tukio la Prague la mwaka 1618, maofisa wa mfalme waliporushwa dirishani na vita ya miaka 30 ikafuata. Kuna "borborygmus", ule mngurumo wa tumbo lenye njaa. Kuna "cwm", limetoka Kiwelisi na maana yake ni bonde. Herufi tatu, na kwa macho yetu hakuna irabu hata moja! Sisi watu wa bonde la Kilombero tulitamkeje?

Kuna na "sesquipedalian", yaani mpenda maneno marefu. Asili yake ni Kilatini: neno lenye urefu wa futi moja na nusu. Mshairi wa Kirumi Horace alilitumia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akashauri kwamba mhusika aliye kwenye dhiki ayaache maneno ya namna hiyo kama anataka kuugusa moyo wa mtazamaji. Naona alikuwa anatusema sisi.

Sasa hebu tuangalie mchezo unavyohesabu. Katika Scrabble ya Kiingereza, Z ina pointi 10, K ina 5, H ina 4, na irabu zote ni moja moja. Maneno kadhaa ya Kiswahili yanakubalika humo, kwa vile Waingereza walishayachukua. Ukipanga "kanzu" unapata pointi 18. Ukipanga "uhuru" unapata 8. Umeona mambo hayo? Kwenye ubao ule kanzu inaushinda uhuru zaidi ya mara mbili! Na mchezo haujakosea, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu uadimu wa herufi. Maana haimo kwenye hesabu. K yenyewe ni adimu kwao, kwetu imejaa tele: kuku, kaka, kikoko.

Kosa ni la mwandishi anayeandika hadithi kana kwamba anapanga vibao. Chukua mfano huu. Mvua ya kwanza inaipiga Ifakara, udongo uliokauka unatoa ile harufu, na msichana amesimama mlangoni. Mwandishi wetu anaandika kwamba msichana alivuta "petrichor". Neno zuri, sikatai. Lilibuniwa na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, mwaka 1964, kwa kuunganisha Kigiriki cha jiwe na cha damu ya miungu. Wao walikuwa na haja nalo. Lakini msichana wetu kasimama kwenye udongo wa majaruba. Jiwe liko wapi? Hiyo miungu ya Wagiriki imefikaje huku, imepanda TAZARA? Msomaji aliyekuwa ameanza kuisikia harufu anaachwa anahangaika na tahajia. Mwandishi kapata pointi zake, hadithi imekufa.

Na hapa ndipo panaponiuma. Tunakwenda kuazima mbali wakati maneno adimu tumeyakalia. Kila mtu anajua kwamba Mwingereza ana "rice" moja tu pale ambapo sisi tuna mpunga, mchele na wali. Hayo ni ya juu juu. Shuka chini zaidi. Kuna chuya, zile punje zinazobaki na maganda ndani ya mchele. Kuna chenga, mchele uliokatika. Kuna wishwa, unga unga unaotoka mpunga ukitwangwa. Kuna dungu, kile kichanja shambani anapokaa mlinzi wa ndege, na kuna kuamia, kazi yenyewe ya kuwafukuza hao ndege. Na ndege mmoja anayehangaisha wakulima katika sehemu nyingi za Tanzania ni kwelea. Kiingereza anaitwa "quelea", pointi 15 safi! Mchezaji anamshangilia. Mtoto aliye juu ya dungu tangu alfajiri, na shule kaikosa, hamshangilii. Nionyesheni hadithi ya mtoto huyo.

Au sheshe, mnyama jamii ya swala apendaye nyasi za majimaji. Kwenye ubao anaitwa "puku", pointi 10. Kwa miaka mingi bonde letu lilihesabiwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani, na sasa wamepungua mno kwa ujangili, mifugo na mashamba. Mnyama anatoweka na jina lake linamfuata. Wishwa nayo hivyo hivyo: mashine za kukoboa zimekuja, kinu kimebaki uani, na wadogo zetu wengi hawalijui neno hilo. Tusipoyaandika sisi, nani atayaandika?

Najua kuna atakayeniambia, basi tuchimbe kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tujaze maneno ya kale. Hapana ndugu yangu, huo ni ugonjwa ule ule uliovaa msuli. Neno adimu linapaswa kufanya kazi. Marehemu Euphrase Kezilahabi aliita kitabu chake cha mwaka 1991 *Mzingile*, yaani njia zilizopindana ambazo ukiingia hujui pa kutokea. Ukikisoma, chenyewe kinakuzungusha hivyo hivyo. Neno lingine lisingetosha. Lakini diwani yake ya mwaka 1974 aliiita *Kichomi*, neno ambalo hata bibi asiyejua kusoma analijua kwa kuugua. Na Shaaban Robert alichukua kitenzi cha kila siku, kusadikika, akakifanya jina la nchi nzima. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatafuta pointi.

Nadhani sababu yetu ni woga. Sisi tulioishia kidato cha nne tunaogopa kuonekana hatukusoma, basi tunayavaa maneno makubwa kama suti ya kuazima. Lakini msomaji wetu ni nani? Ni yule dada anayeuza mchele sokoni, ambaye kwa kuutazama tu anakuambia una chuya kiasi gani. Na sentensi zetu atazipeta hivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wenu alete neno moja la kwao, la shambani, la mtoni au la jikoni. Lakini asilete neno na maana yake tu, hiyo ni kazi ya kamusi. Alilete ndani ya sentensi ambayo ukilitoa neno hilo, sentensi inaanguka.