Ladha ya Jaji na Mipaka ya Katiba: Mfano wa Filamu ya Rafiki

Kwenye baraza za Kibokoni, aliyechukizwa na shairi hulijibu kwa shairi. Malumbano hayo, ambayo Muyaka bin Haji aliyashiriki katika karne ya 19, huiacha ladha ibakie ladha. Mambo hubadilika anayechukizwa anapokuwa jaji.

Tuchukue filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko. Ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2018 kwa kusawiri mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku 7, asiamini kwamba maadili ya Wakenya ni dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu. Mwaka 2020 Jaji James Makau aliidumisha, kwa hoja ya kuikinga jamii na upotovu. Filamu ni ile ile, Katiba ni ile ile.

Kifungu cha 79 cha Katiba ya zamani kiliruhusu mipaka kwa ajili ya maadili ya umma. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hakiyataji. Chataja propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na chuki. Kifungu cha 24 chakubali mipaka mingine, mradi ithibitishwe kuwa ya haki. Jaji, basi, hana budi kuonyesha madhara, wala si chukizo.

Nasi wahakiki yatupasa tuzisome hukumu kama tusomavyo matini, tukiuliza: sheria imekomea wapi, na ladha ya msomaji imeanzia wapi?